Mgeni wa Spika ya Nyuma Kushoto

Najua utakachosema. Utasema mwalimu wa chuo, mtu aliyesoma mpaka akaota upara, anawezaje kukaa akaandika habari kama hizi akiwa na akili zake. Sina jibu. Nina risiva moja, spika tano na sabufa, na shahidi wangu ni mama yangu mzazi. Kama humwamini mama yangu, basi mimi na wewe hatuna la kuzungumza.

Wengi wakisimulia mambo ya namna hii huanza na usiku wa manane, mbwa wanabweka, umeme umekatika. Yangu yalinikuta Jumapili alasiri, jua kali, Kariakoo, ghorofa ya pili, umeme upo, nami nimevaa bukta. Nakutajia bukta makusudi. Mtu anayebuni kisa cha kutisha hajiweki ndani yake akiwa na bukta iliyochanika mfukoni.

Nianze na mama. Ni mtu wa Kilimanjaro, mjane, na macho yake yanaondoka kidogo kidogo kwa presha ya macho. Alikuwa akiishi peke yake kule mgombani, mpaka siku alipojimwagia maji ya moto mguuni akidhani sufuria iko upande mwingine. Nikaenda kumchukua. Alikubali kuja mjini kama mtu anavyokubali kung'olewa jino. Hapa kuna kliniki ya macho, kuna dawa za matone, kuna mimi na mke wangu, Mama Neema. Neema mwenyewe yuko shule ya bweni. Lakini mchana mimi niko chuoni, Mama Neema yuko dukani kwake, na mama anabaki na kuta. Alikuwa na begi jeusi la safari chini ya kitanda. Kila Ijumaa analivuta, anazipanga nguo zake kwa kupapasa, analifunga zipu, anasukuma tena uvunguni.

"Desemba tukienda Krismasi," ananiambia, "mimi nikishafika kwangu, sirudi."

"Mama, na matone ya macho?"

"Nitajitilia."

"Na moto?"

"Moto naujua kabla hujazaliwa."

Wewe unatujua sisi watu wa kule. Desemba ikifika tunafunga maduka, tunajaza magari, tunapanda mlimani kama tumeitwa kwa kengele. Kumwambia Mchagga asiende nyumbani Krismasi ni kumtukana. Kwa hiyo nisingeweza kumzuia kwenda. Nilichoweza ni kumfanya atake kurudi, na nilikuwa na muda mpaka Desemba.

Mama aliimba kwaya ya kanisani tangu usichana, sauti ya pili. Mjini nilimwekea kwaya kwenye runinga nikidhani nimemaliza kazi. Akasikiliza kidogo, akakunja uso.

"Watu wote hawa mmewafungia kwenye kopo?"

Alikuwa sahihi. Runinga yetu ni nyembamba kama kalenda, na sauti yake ni nyembamba vilevile. Ndipo nikapata wazo la kununua hom thieta, ule mtambo unaokuzungushia sauti pande zote. Mama asiyeona angekaa katikati ya sebule na kwaya ingesimama kumzunguka.

Kwa mtu anayeishi Kariakoo kununua mtambo ni kushuka ngazi tu. Kijana wa dukani aliniamkia vizuri, akanionyesha risiva nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia.

"Hii ni mtumba wa Ulaya, Mzee. Haijaguswa."

"Kama ni mtumba, imeguswa."

"Imeguswa na Wazungu tu, Mzee."

Ungebishana na hoja hiyo? Mimi nilishindwa. Nikapandisha mzigo nyumbani, nikavaa bukta, nikafungua kitabu cha maelekezo ukurasa wa kwanza, nikachukua na kalamu ya kupigia mistari. Mama Neema, aliyekuwa anatoka kwenda kumtembelea dada yake Ilala, alisimama mlangoni akanitazama.

"Baba Neema, ni kuunga waya. Siyo tasnifu."

Akaenda zake. Laiti angekuwepo.

Mpango wenyewe si mgumu. Risiva inapokea sauti kutoka kwenye deki au runinga na kuigawa. Spika mbili zinakaa mbele, moja katikati chini ya runinga, mbili nyuma ya msikilizaji, kulia na kushoto, na mingurumo yote inapelekwa kwenye sabufa. Waya mwekundu kwenye tundu jekundu, mweusi kwenye jeusi. Tabu yangu ilikuwa kona ya nyuma kushoto, karibu na dirisha. Wapangaji waliotutangulia waliacha pale kabati la mninga, zito, lisilo na kitu ndani. Tulilikuta, tukaliacha. Siku ile nililisukuma kwa bega mpaka ukutani upande wa pili. Sakafuni chini yake palikuwa na michubuko, kama vile kiti kimekaa pale miaka mingi na mtu mmoja akikisogeza vilevile kila siku. Sikufikiria kitu. Nikasimamisha spika yangu palepale.

Kilichobaki ni kupima. Risiva hizi zina kipaza sauti kidogo, unakiweka pale anapokaa msikilizaji, mtambo unapiga mlio kwenye kila spika na kujirekebisha wenyewe. Sharti lake ni chumba kiwe kimya. Kimya, Kariakoo! Hata Jumapili, chini ya dirisha letu kuna mtu ana spika yake ya mkononi inayorudia "njoo uchague, njoo uchague" bila kuvuta pumzi. Risiva ikajaribu, ikaandika kwenye kioo kwamba kuna kelele, nirudie. Nikarudia. Ikaandika tena. Nikachomoa kipaza sauti, nikakiweka mezani, nikaamua kutumia masikio ya mama.

Nikamkalisha kwenye kiti katikati ya sebule, na fimbo yake. Nikabonyeza rimoti, mlio wa "shhhh" ukatoka spika moja baada ya nyingine, naye anyooshe fimbo kule unakotokea.

"Mbele kulia," alisema mama.

"Sahihi."

"Mbona unanijibu kama mtihani? Katikati. Mbele kushoto. Nyuma kulia. Nyuma kushoto." Fimbo ikabaki hewani. "Na huyu wa mlangoni ni nani?"

"Mlangoni hakuna spika, Mama."

"Sikusema spika."

Hapo hapo tukasikia, "Hodi."

"Karibu!" akajibu mama kabla sijafumbua mdomo. Kwao hodi haiachwi ikaning'inia. Hata kama mikono imejaa unga, hata kama umeikasirikia dunia nzima, unajibu kwanza, unauliza baadaye. Na mimi nimelelewa hivyohivyo, kwa hiyo usinicheke.

Mlango, ambao naapa nilikuwa nimeurudishia, ulikuwa wazi, na mzee wa Kihindi amesimama kizingitini. Mwembamba, shati jeupe lililopigwa pasi, suruali imepandishwa juu ya kitovu, kandambili zake za ngozi amezishika mkononi kwa adabu. Alinukia mafuta ya nywele, yale ya zamani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nimesikia sauti."

"Tusamehe kama tunakusumbua."

"Hapana, hapana. Endelea."

Sikushangaa. Jengo letu ni la familia ya Kihindu, na mwenye nyumba wetu, Kirit, anauza vyombo vya jikoni hapo chini. Kwa familia ile hakosekani mjomba aliyekuja kutoka ng'ambo na asiyejua la kufanya mchana. Mzee akaketi kwenye kochi la karibu na mlango, mbele yangu kabisa. Nilimwona ninavyoziona herufi hizi.

"Karibu sana, baba," alisema mama, na akageuza uso wake wote kwenye kona ya nyuma kushoto.

Maskini mama, nikawaza. Sasa hata masikio.

Nikaweka diski ya kwaya. Ah! Nikwambie ukweli, ilikuwa raha. Sauti ya kwanza ilitoka kulia, ya pili kushoto, besi ikapita chini ya makochi, na makofi ya waumini yakaja kutoka nyuma yetu kana kwamba ukuta umeondolewa. Mama akafunga mikono kifuani.

"Hiyo ya nyuma iko juu mno," alisema mgeni.

"Iko sawa," alisema mama.

"Na sauti nzito inafunika."

"Hiyo ni besi, baba. Ndiyo kazi yake kufunika."

"Punguza."

"Usipunguze!"

Nikasimama katikati na rimoti yangu kama trafiki. "Wazee wangu, nimsikilize nani?"

"Mimi," wakasema wote kwa pamoja. Mama akacheka. Siyo tabasamu, alicheka mpaka fimbo ikamdondoka. Tangu nimlete mjini nilikuwa sijakisikia kicheko kile.

Nikaleta chai kutoka kwenye chupa, nikaweka kikombe cha mgeni kwenye stuli mbele ya kochi lake.

"Mbona unamwekea mgeni chai mbali hivyo?" akauliza mama. "Mtu amekaa huku." Fimbo ikaonyesha kona ya spika.

"Mama, mzee yuko hapa kwenye kochi, mbele yangu."

"Unanifundisha kusikia?"

Mgeni akatabasamu. "Usimbishie mama yako," akasema.

Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Labda ni kwa sababu mchana kutwa nilikuwa napima spika, na mtu akitaka kuijua sauti inakotokea hufumba macho. Nikafumba macho.

"Chai ya rangi," ilisema sauti ya mgeni kwa masikitiko. Ilikuwa nyuma yangu. Kushoto. Kimo cha mtu aliyeketi.

Nikafumbua. Mzee yuko kwenye kochi mbele yangu, midomo yake ndiyo inamalizia neno. Nikafumba tena. "Haina hata iliki," ikasema kona ya nyuma.

Wewe ungefanyaje? Mimi, na shahada zangu, nilipiga magoti kukagua nyaya. Nilijiambia lazima kile kipaza sauti kimenasa maneno yake na kuyatupa kwenye spika. Kipaza sauti kilikuwa mezani, waya wake umekunjwa, hakijachomekwa popote. Nikabaki chini palepale nikijifanya nasoma namba za nyuma ya risiva.

"Haya," alisema mgeni akiinuka, "niwaache."

"Mwanangu, msindikize mgeni," alisema mama.

Unajua sheria yetu. Mgeni hasukumwi mlangoni kama paka, unatoka naye, unashuka naye, unaagana naye njiani. Lakini miguu iligoma. Nikabaki nimepiga magoti na nikasema kwa mbali lile neno tunalolisema sote bila kufikiri:

"Karibu tena, Mzee."

Aliinamisha kichwa, akatoka na kandambili zake mkononi. Ngazi zetu ni za mbao na hupiga kelele hata paka akipita. Siku ile hazikulia. Kikombe kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni.

Nilipomsimulia Mama Neema jioni ile alicheka, akaniuliza kama nilikula mchana. Lakini wiki ile ile alikuwa jikoni anachagua mchele, runinga imezimwa, risiva imezimwa, waya wa umeme umechomolewa ukutani, mama yuko kitandani kwake. Kona ya nyuma kushoto ikakohoa, ikasema kwa upole, "Leo hakuna taarifa ya habari?" Mama Neema si mtu wa kupiga kelele. Aliuweka ungo chini, akatoka mpaka kwenye ngazi, akanipigia simu.

"Baba Neema. Kuna mtu kwenye spika yako."

Nikashuka kwa Kirit. Nilimkuta anafunga sufuria kwenye maboksi. Nikamweleza kila kitu, shati jeupe, kandambili, kona. Hakuinua hata kichwa.

"Huyo ni babu yetu," akasema. "Chumba chake kilikuwa hicho. Kiti cha uvivu kwenye kona, redio mapajani, dirisha wazi asikie soko. Bibi akimwambia punguza, yeye anaongeza. Kutwa nzima wanagombana hivyo. Bibi alipofariki, wanawe wakampeleka kwao ng'ambo. Nyumba kubwa, zulia kila mahali, kimya. Alikuwa anatupigia simu tuinyooshe simu dirishani asikie Kariakoo. Hakukaa sana, akafa."

"Na wapangaji waliotutangulia?"

"Waliweka kabati."

"Kirit, kwa nini hukuniambia?"

"Ungepanga?" Akafunga boksi kwa gundi ya karatasi. "Mlimpa chai?"

"Hakunywa."

"Ya maziwa?"

"Ya rangi."

Ndipo akaniangalia, kwa mara ya kwanza, kama mtu anayemtazama mshenzi. "Kama mnataka aende," akasema, "msindikize. Siku anayopelekwa ng'ambo teksi ilikuwa inapiga honi, kila mtu ana haraka. Hakuna aliyemshusha hata ngazi moja."

Wakati huohuo, bila kumshirikisha mtu, mama alikuwa ameanza maisha mapya. Nikirudi chuoni mapema nilimkuta ameshageuza kiti chake, kinaitazama kona, na ubishi umepamba moto.

"Mtori hauliwi na pilipili, baba."

"Kila kitu kinaliwa na pilipili," ilijibu kona.

"Ndiyo maana ulikufa."

"Nilikufa uzee!"

Nami nasimama kwenye mlango wa sebule yangu, mkoba mkononi, nimeachwa nje ya mazungumzo. Naogopa? Naogopa. Lakini ikafika Ijumaa na mama hakulivuta begi. Ikafika Ijumaa nyingine. Nilipochungulia uvunguni, begi lilikuwa na vumbi, nikafurahi kuliko siku niliyopandishwa cheo.

Ila nyumba si ya mtu mmoja. Mama Neema alivumilia kwa kadiri ya uwezo wake. Alisali, akaimba, akaweka Biblia juu ya spika. Kona ikamsifu kwa sauti yake nzuri, na hilo likamwudhi zaidi. Akanikalisha.

"Mume wangu, mimi siwezi kuvua gauni kwenye nyumba yenye mwanaume kwenye ukuta. Kirit amekwambia dawa. Mtoe."

Alikuwa na haki. Akampeleka mama kliniki asubuhi yake, nami nikabaki. Nikasimama mbele ya spika, nikakohoa, nikajisikia mpumbavu.

"Mzee, twende nikusindikize."

Harufu ya yale mafuta ya nywele ikapita karibu na uso wangu. Nikafungua mlango, nikasubiri kwa muda wa kutosha mtu wa umri wake kupita, nikashuka naye taratibu nimeacha nafasi upande wangu wa kushoto. Hebu nifikirie mimi, mwalimu wa watu, katikati ya Kariakoo, natembea kwa mwendo wa jongoo na kumwambia hewa, "Angalia mfereji, Mzee." Mbeba mizigo mwenye mkokoteni akanipigia kelele, "Mzee, pita au pisha!" Nikamwomba atusubiri kidogo. Akatazama huku na huku. "Niwasubiri wewe na nani?"

Nilimfikisha mpaka kwa muuza juisi ya miwa kwenye kona ya mtaa. Nikanyoosha mkono kuaga. Na niamini hapa hata kama hukuniamini kwingine: mkono mkavu, mwepesi kama karatasi, uliushika wangu, ukautikisa, ukauachia. Muuza juisi akaniuliza kama nataka glasi moja au mbili. Nikarudi nyumbani haraka.

Mama alirudi, akaketi kwenye kiti chake, akaelekea kona. Akangoja. Akagonga sakafu kwa fimbo kidogo.

"Baba?"

Spika ilikuwa spika tu.

"Mmemfanya nini?"

"Amekwenda, Mama. Nimemsindikiza vizuri."

"Mimi ameniaga?"

Nikamwekea kwaya, akaniambia nizime. Akainuka akipapasa ukuta, akaingia chumbani, na nikasikia begi likivutwa kutoka uvunguni. Haikuwa Ijumaa.

"Desemba ni mbali," alisema, akikunja kanga yake bila hasira yoyote, na ukosefu ule wa hasira ndio ulionichoma. "Nikatie tiketi ya kesho. Huku kwenu kimya kinaniumiza masikio."

Nilishayasikia maneno hayo, au ndugu zake, kwenye duka la sufuria. Nikawaona wanawe yule mzee, watu wema bila shaka, na zulia lao kila mahali. Nikawaza mguu wa mama na kovu lake la maji ya moto. Mama Neema alikuwa kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Alitazama begi, akamtazama mama, akanitazama mimi. Ni mwanamke niliyemwoa kwa sababu nyingi, lakini kama ningelazimika kutaja moja ningetaja aliyonionyesha pale.

"Baba Neema," alisema polepole, "atakuwa amefika mbali?"

Nilishuka ngazi na ndala zisizofanana. Jua lilikuwa linazama, maduka yanafungwa, watu wote wa jiji wanatoka Kariakoo kupitia mtaa wetu. Kwa muuza juisi palikuwa na foleni. Unamtafutaje mtu asiyeonekana kwenye umati wa namna ile? Nikafanya nilichojifunza sebuleni kwangu. Nikasimama katikati ya njia, nikafumba macho.

"Wee mzee, umelala?" mtu akanipiga kikumbo.

Nikang'ang'ana. Mbele yangu ile spika ya "njoo uchague". Kulia, magurudumu ya mkokoteni. Mbele kushoto, mashine ya kukamulia miwa. Nyuma kulia, wanawake wawili wanagombea kupima kitambaa. Chini ya yote, mngurumo wa malori. Mungu wangu, nikawaza, hii ndiyo aliyokuwa anaitaka kupitia simu.

Kisha nyuma yangu, kushoto, kwa kimo cha mtu aliyeketi kwenye kizingiti:

"Hiyo ya mbele iko juu mno."

Nusura nilie. "Mzee," nikasema bila kufumbua macho, "twende nyumbani. Mama anakungoja. Mkeo angekuwepo angekwambia vilevile." Sijui kwa nini niliongeza hilo la mwisho. Nilipoanza kutembea, harufu ya mafuta ya nywele ilikuwa nami, na nilipofika kwenye mfereji nikasimama kidogo kumpa nafasi.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Hata hivyo nilibisha hodi kwenye mlango wangu mwenyewe, kwa sababu nilikuwa na mgeni.

"Karibuni," aliitikia mama kutoka ndani. "Mmechelewa nyote wawili. Chai imeshaanza kupoa."

Ilikuwa ya maziwa. Mama Neema alikuwa ametia iliki.

Hivyo ndivyo tunavyoishi mpaka leo. Kwenye kona hatuweki spika chini, tumeitundika, na chini yake kuna kiti cha uvivu ambacho wageni wa kawaida hawakikalii, hukaribishwa kwingine. Mama Neema aliweka masharti: mlango wa chumba chetu ufungwe, na taarifa ya habari ikiisha hakuna maoni. La pili halifuatwi. Kikombe huwekwa saa kumi, na jioni huwa kimepungua kidogo, na usiniulize nani anakunywa. Desemba tulipanda mlimani kama kawaida. Mama alikula, aliimba, alisalimia kaburi la baba, na kabla hata sikukuu hazijakwisha akawa wa kwanza kukaa kwenye gari, begi mapajani. "Twendeni," akasema. "Nimemwacha mzee wa watu peke yake na hajui hata kuwasha redio."

Basi na wewe unayefikiria kununua mtambo, sikiliza. Kabla ya kusukuma kabati ulilolikuta kwenye nyumba ya kupanga, uliza liliwekwa pale kwa nini. Ukisikia hodi, tazama kwanza imetokea wapi, maana neno karibu likishatoka mdomoni halirudi, linataka kiti na chai. Mgeni akiaga, msindikize siku hiyohiyo, au uwe tayari kumlea. Na kama umemtoa mzazi wako kwao ukamleta mjini, usimwekee kimya ukakiita mapumziko.

Nimeandika haya sebuleni, mchana, mama amesinzia na Mama Neema yuko dukani. Risiva nimeizima. Hapa nyuma yangu, upande wa kushoto, kuna mtu anasema nimeandika kirefu mno, nipunguze.